Mimi, Nekesa na Mapango ya Kware

Kama ulikulia Umoja miaka ile nyumba zilipokuwa bado za chini, kila moja na kauwanja kake na kamba yake ya kuanikia nguo, huhitaji kuelezwa baridi ya Agosti. Ilikuwa ikishuka alfajiri pamoja na ukungu na kukaa mpaka saa nne, nasi tuko nje tayari, tumevaa viatu vya plastiki vilivyotoboka na masweta ambayo mama zetu waliyafuma kwa nyuzi walizofumua kwenye masweta mengine. Langu lilikuwa na mikono ya rangi mbili. Nekesa hakunicheka, kwa sababu lake lilikuwa na rangi nne. Leo binti yangu Mumbua anavaa jaketi kwenda jikoni, na akifika huko ananiuliza kwa nini nyumba hii ina upepo.

Likizo zetu hazikuwa na ratiba. Tulicheza kati, aliye katikati akikwepa mpira wa soksi kuukuu, tukaruka blada tuliyoikata kwenye tyubu ya baiskeli, tukacheza brikicho hadi aliyekuwa akitutafuta akachoka, akaenda kwao kunywa chai na kutuacha tumejikunja nyuma ya tangi la maji. Tulikula mabuyu hadi midomo ikawa myekundu kama ya maharusi. Mchana tulikula katika nyumba yoyote ambamo chakula kilitangulia kuiva. Mama yeyote alikuwa na haki ya kukulisha, na mama yeyote alikuwa na haki ya kukuchapa. Wazazi hawakujua tulipo, ila walijua kwamba taa za barabarani zikiwaka tutakuwa mlangoni.

Mama yangu alikuwa fundi wa cherehani, mtu asiyependa maneno mengi. Sheria yake ilikuwa moja. "Nenda unakotaka," alikuwa akiniambia, sindano ziko mdomoni. "Lakini nikisikia umefika kware, usirudi kwangu."

Wanaopaona Kware leo, maghorofa yamebanana kiasi kwamba jirani wa ng'ambo anaweza kukupitishia chumvi dirishani, hawawezi kuamini kwamba jina lile lilikuwa na maana yake. Palikuwa na kware kweli, mashimo makubwa ya kuchimbia mawe ya kujengea. Shimo ninalolisema lilikuwa limeachwa zamani. Wachimbaji walikwishahama, wakaacha kuta ndefu za mawe, dimbwi la maji ya kijani na vichaka. Kutoka kwetu ilikuwa karibu saa nzima kwa miguu ya watoto, ukifuata barabara ya Outer Ring halafu ukakata vichochoroni. Ilisemekana mtoto aliwahi kuzama humo. Kila mtaa ulikuwa na mtoto wake aliyezama.

Nekesa alikuwa jirani yangu wa ukuta kwa ukuta. Wazazi wake walitoka Bungoma, wangu walitoka Machakos, na tulipokutana mimi na yeye hakuna aliyejua lugha ya mwenziwe, kwa hiyo tulikua katika Kiswahili na katika Sheng ya Umoja, ambayo ukivuka barabara ilikuwa haieleweki tena. Alikuwa na miaka kumi na moja, mimi kumi. Alikuwa mwembamba, mwenye sauti nene isiyolingana na mwili wake, na alikuwa na tabia ya kukaa kimya kabla ya kujibu, kama mtu anayepiga hesabu. Nilimpenda kwa namna ambayo sijawahi kumpenda rafiki mwingine. Aliponiambia jambo nililiamini, kisha baadaye ndipo nilipolifikiria.

Kaka yake, Wafula, alikuwa mtu mzima tayari na alifanya kazi ya zamu katika kiwanda kimoja huko Baba Dogo. Alinunua mashine ya gemu, ile ya kaseti, akaiunganisha na televisheni yao isiyo na rangi. Kuigusa akiwa hayupo kulikuwa marufuku, yaani tuliigusa kila siku ya kazi. Mchezo wenyewe ulikuwa wa askari wawili waliokuwa wakitembea msituni, mmoja wa Nekesa na mmoja wangu, na maadui wakitokea mbele na nyuma. Siku za kwanza tulikufa upesi, maana kila mmoja wetu alitaka kuwa shujaa. Nilikuwa nikikimbia mbele, naye anakimbia mbele, na adui aliyetoka nyuma anatumaliza sote wawili kwa mpigo.

Siku moja Nekesa aliweka chini kile kidude cha kuchezea, akachukua kipande cha chaki na kuchora msitu mzima juu ya sakafu ya simenti. Akachora duara mbili.

"Mimi ni wa mbele," akasema. "Wewe, Mwende, ni wa nyuma. Nikienda, usiangalie ninakokwenda. Angalia ninakotoka."

"Na ukinaswa?"

Akakaa kimya kama kawaida yake. "Nikinaswa usije. Mmoja akinaswa, mwingine abaki mzima atafute njia. Tukifa wote mchezo umekwisha."

Tuliufuata mpango huo wiki nzima. Niligundua kwamba mimi, ambaye shuleni nilikuwa wa mwisho kuchaguliwa katika kila timu, nilikuwa mlinzi mzuri. Sikuwa na papara. Nilijua kungoja. Tulifika hatua ya saba, ambayo Wafula mwenyewe hakuwahi kuifikia, na uchungu wetu mkubwa ulikuwa kwamba hatungeweza kumwambia.

Nadhani ni mchezo ule uliotupeleka kware. Msitu wa kwenye televisheni ulikuwa umetuishia, na Nekesa alikuwa amesikia wavulana wa darasa lake wakisema kwamba ndani ya ukuta wa kware mna mapango. "Mpango tunao tayari," aliniambia. "Kilichobaki ni mahali."

Tuliondoka asubuhi na kamba mbili za kuanikia nguo, yao na yetu, tulizoziunga zikawa moja ndefu. Tulikuwa na tochi ya mama yake na chaki za shule. Ncha moja ya kamba tuliifunga kwenye chuma kilichobaki mwambani, pale mlangoni mwa pango, na ncha ya pili Nekesa akajifunga kiunoni. Katikati nilikuwa mimi, nimeishika. Kuvuta mara moja kulimaanisha niko salama. Mara mbili, njoo. Mara tatu, nivute nitoke. Alichora mishale ukutani kila tulipopinda, kichwa cha mshale kikielekea nje.

Yalikuwa mapango kwa jina tu. Wachimbaji walikuwa wamefuata jiwe zuri ndani ya ukuta, na jiwe lilipoisha wakaacha vyumba. Lakini kwetu yalikuwa mapango halisi. Ukutani mlikuwa na alama za patasi, safu kwa safu, kama nywele zilizochanwa. Palinuka popo na mawe mabichi. Chumba cha kwanza kilipata mwanga wa nje, tukakiita sebule. Cha pili kilikuwa na giza na maji yaliyodondoka pembeni, tukakiita jikoni. Nyuma ya jikoni palikuwa na tundu la kupita kwa tumbo, na lilielekea mahali ambapo hatukuwa tumepaita jina lolote.

Tulikwenda mara tatu bila mtu kujua. Nikiulizwa nilipenda nini mle, siwezi kusema ni hatari. Ni kimya. Nyumbani tulikuwa watu saba katika vyumba viwili, na mashine ya mama ilianza kulia kabla ya jogoo wa jirani. Mle ndani ulikuwa ukizima tochi unasikia pumzi yako, kisha unasikia ya rafiki yako, kisha basi. Tulikaa sebuleni kwetu kwa mawe, migongo imeegemeana, na hatukusema kitu. Sikujua kwamba mtu anaweza kuwa na mwenzake hivyo.

Mara ya nne mvua ya rasharasha ilikuwa imenyesha tangu jana yake. Nekesa alilala kwa tumbo, akaingia kwenye tundu la jikoni, nami nikabaki nimeshika kamba. Akavuta mara moja. Nikangoja. Akavuta mara moja tena. Kisha nikasikia kitu kama gunia la viazi likitupwa chini, vumbi likanijia usoni, na kamba ikakaza mkononi mwangu bila ishara yoyote.

"Mwende," sauti yake ikaita. "Usije."

Nilitambaa hata hivyo, mpaka kwenye mdomo wa tundu. Tochi ilikuwa mkononi mwake na niliweza kumwona. Bamba la jiwe lilikuwa limeporomoka kutoka juu na kulala juu ya mguu wake, kuanzia gotini kwenda chini. Hakuwa akilia. Uso wake ulikuwa mweupe kwa vumbi kama mtu aliyepakwa unga.

"Nije nikuvute?"

"Likianguka lingine tutabaki wote. Nenda ukamwite Wafula. Anatoka zamu saa nane."

"Nikuache?"

"Wewe ni wa nyuma," akasema, na hapo ndipo sauti yake ilipotetemeka kwa mara ya kwanza. "Tochi nabaki nayo. Fuata kamba."

Nilifuata kamba gizani, mkono baada ya mkono, nikatoka nje, nikakimbia. Sikuwahi kukimbia hivyo kabla ya siku ile, na sijakimbia hivyo tena. Hadi hapo ninaweza kusimulia kisa hiki mbele ya mtu yeyote. Nimewasimulia watoto wangu, nimekisimulia katika harusi. Huwa nasema: nikakimbia nyumbani, nikamwambia Wafula, wakaenda kumtoa. Watu wanatikisa vichwa na kusifu.

Haikuwa hivyo.

Nilifika kwao nikakuta mlango umefungwa. Mama yake alikuwa sokoni, Wafula hajarudi. Nikageuka, na mama yangu alikuwa amesimama kwenye kizingiti chetu, beseni la nguo mbichi miguuni.

"Kamba yangu iko wapi?"

Alikuwa amefua na hana pa kuanika. Hilo tu ndilo alilotaka kujua. Nilifungua mdomo nikiwa na nia kamili ya kusema, na maneno niliyoyasikia kichwani ni yale yake: usirudi kwangu. Watoto wa leo ukiwaambia hivyo wanakuuliza utawapeleka wapi. Mimi niliamini neno kwa neno. Niliona mlango ule ukifungwa, na mimi nje, na baridi, na sina kwingine.

"Sijui," nikasema.

"Umetoka wapi na vumbi hilo?"

"Kucheza."

Akaniambia ninawe mikono nile. Nikanawa. Akaniwekea sahani ya muthokoi, ile ya mahindi yaliyokobolewa na maharagwe, na nikakaa mezani. Redio ilikuwa ikisoma salamu za watu, fulani akimsalimu fulani wa mahali fulani. Nilijiambia kwamba Wafula atafika hivi punde, nitamwambia yeye peke yake, na mama hatajua. Nikachukua kijiko, nikala. Nilikuwa na njaa, na chakula kilikuwa kitamu. Hili la utamu ndilo lililonisumbua zaidi miaka yote iliyofuata.

Salamu zikaisha. Mama Nekesa alipita kutoka sokoni, akachungulia mlangoni kwetu, kikapu mkononi. "Mwende mwanangu, Nekesa yuko wapi?"

"Sijui, mama."

Aliniangalia mikono kwa muda. Nilikuwa nimeinawa, lakini chaki ilikuwa imebaki kwenye kucha. Kisha akaenda zake. Redio ikasoma taarifa ya habari, ikamaliza, muziki ukaanza. Ndipo nilipomsikia Wafula akipita nje huku akipiga mluzi, nikaruka kutoka kwenye kiti na kumshika shati.

Wafula hakupaza sauti. Alinisikiliza, akauliza swali moja tu, "Ni jiwe kubwa kiasi gani?" Nikamwonyesha kwa mikono. Akaenda kwa fundi wa magari aliyekuwa pembeni mwa mtaa, wakachukua jeki, wanaume wengine wawili wakapanda nyuma ya pikapu, na mimi nikapandishwa mbele kuonyesha njia. Mama alitoka nje akisikia kelele. Alinitazama kupitia kioo cha gari, bado ameshika beseni. Alikuwa amekwishaelewa.

Waliliinua lile bamba kwa jeki, kidogo kidogo, Wafula akiwa amelala mbele ya dada yake na kuzungumza naye Kibukusu bila kukoma. Walipomtoa nje kwenye mwanga alifunika macho. Tochi ilikuwa imezimwa. Alikuwa ameizima mwenyewe, alieleza, ili betri isije ikaisha kabla watu hawajafika wakashindwa kumwona. Alikuwa amekaa gizani muda wote ule.

Mama zetu walikuja kwa miguu, wakakuta tunamweka garini. Kila mtu alikuwa akiuliza kwa pamoja, nani aliwaambia mje huku, mlikuwa na nani, iliangukaje. Nekesa akaniangalia.

"Mwende alikimbia moja kwa moja," akasema. "Bila yeye ningekuwa bado humo."

Mama Nekesa alimfunika mtoto wake leso, na mama yangu akanishika mkono.

Nilijua nitachapwa. Sikuchapwa. Mama alichemsha maji, akaniogesha kwenye karai kama mtoto mchanga, akasugua kila ukucha mpaka chaki ikatoka. Siku iliyofuata, akiwa ameinamia cherehani na bila kugeuka, aliniambia, "Ningekufungulia. Hata ungekuwa umetoka wapi, ningekufungulia." Kisha akakanyaga mashine na kelele zikaanza tena. Hatukulizungumzia jambo lile mpaka alipofariki.

Mguu wa Nekesa ulikuwa umevunjika mara mbili. Alilazwa, akarudi na plasta nzito iliyofika pajani, na wenzetu wote wa mtaa wakaandika majina juu yake. Tulicheza gemu ile, yeye ameuweka mguu juu ya stuli, na sasa Wafula alituruhusu. Alipona, ila alichechemea kidogo wakati wa baridi. Baada ya miaka miwili baba yake alistaafu, wakarudi Bungoma. Tuliandikiana barua kwa muda, kisha shule zikawa nyingi, kisha maisha. Lakini hakuna Agosti iliyopita bila mimi kukumbuka kijiko kile.

Sasa nije kwa Mumbua. Ana miaka kumi na sita na anacheza gemu katika timu ya watu watano, kila mmoja na simu yake. Nimelalamika sana juu ya jambo hilo. Nimesema yote ambayo nyinyi wenzangu wa rika langu mmesema: macho yataharibika, shingo zimepinda, wanakaa ndani kama mayai. Enzi zetu tulitafuta rafiki kwa kupiga mluzi nje ya dirisha, hawa wanaandikiana ujumbe hali wamekaa kwenye kochi moja. Nilipomwambia hivyo Mumbua alinijibu bila kuinua kichwa, "Mum, nikipiga mluzi ndani ya nyumba si utaniuliza nimefunzwa na nani?"

Mwaka huu paliandaliwa mashindano ya vijana wa mitaa katika ukumbi mmoja hapa Umoja. Aliniomba niende. Nilikwenda na sweta na uso wa kuvumilia. Nilikaa nyuma, na kwenye skrini kubwa nikaona kitu nilichokijua. Walikuwa na mpango. Kulikuwa na wa kutangulia, wa kuzungukia upande, na mmoja wa kulinda nyuma, na huyo wa nyuma alikuwa binti yangu. Walizungumza kwa maneno mafupi, kila mmoja akiwa na vipokea sauti masikioni. "Shika hapo." "Nakuja." "Wako wawili, chini." Nahodha wao alikuwa Ochi, kijana wa jirani mwenye miwani ambaye nyumbani kwangu hunisalimu kwa kunong'ona. Pale alikuwa jenerali.

Walishinda mara mbili. Ya tatu walishindwa, na hata mimi niliona kilichotokea. Ochi alizingirwa karibu na daraja, na mlinzi wake, badala ya kubaki, alikimbia. Mumbua alikimbia. Baada ya hapo timu yote ikaanguka.

Nilisubiri ugomvi, au kununa. Nilijitayarisha kumfariji. Nikawakuta wamekaa sakafuni nje ya ukumbi, sahani ya viazi karai katikati, wanaangalia mchezo wao upya kwenye simu.

"Simamisha," Mumbua akasema. "Hapo. Hapo nilikuona, na nikahepa. Niliogopa kufa. Kosa ni langu."

Ochi akasukuma miwani yake juu. "Hata mimi nilinyamaza. Nilijua nimezingirwa kabla uone. Nilidhani nitatoka mwenyewe."

"Ungesema."

"Ningesema."

"Wiki ijayo Mumbua akae kati," msichana mwingine akasema. "Nyuma nitakaa mimi. Nani amemaliza pilipili?"

Ilikuwa imekwisha. Wakaendelea kula. Nilisimama pale na mkoba wangu, mwanamke mzima, kisha nikatoa simu nikaanza kumtafuta Nekesa.

Wenzetu wa zamani wa Umoja wana kundi lao kwenye simu, ambamo kazi kubwa ni kutumiana picha za maua na matangazo ya mazishi. Mmoja wao alinipa namba ya Nekesa. Nilimpigia Jumapili baada ya kanisa. Sauti ilikuwa ile ile nene. Anafundisha hisabati katika shule moja ya upili huko kwao Bungoma, na nilipomwuliza kama wanafunzi wanamwogopa alisema wanaomjua hawamwogopi, ila bado hajapata wanaomjua. Tulicheka, tukaulizana watoto, tukaulizana wazazi. Kisha nikamwambia kuna jambo sijawahi kumwambia kuhusu siku ile ya pango.

Akakaa kimya, kama zamani. Nilisikia kuku kwao.

"Ile ya muthokoi?" akauliza.

Nikamwuliza amejuaje.

"Mama aliniambia hospitalini. Alikukuta mezani akaona chaki kwenye kucha zako. Alipojua kilichotokea, akaunganisha."

"Na hukuniuliza."

"Nilikuwa na hasira, Mwende. Ulikuwa unakuja wadini kila jioni, nami nageukia ukuta. Hukumbuki?"

"Nilidhani ni dawa."

"Haikuwa dawa." Akavuta pumzi. "Mle ndani niliimba nyimbo zote za Sunday school. Zilipoisha nikarudia. Nikasema, Mwende ameanguka njiani, amegongwa na gari, ndiyo maana hajarudi. Nilikulilia wewe. Halafu naambiwa ulikuwa unakula."

Nilimwambia samahani. Ni neno dogo sana baada ya miaka yote ile, na nililisema vibaya, huku nalia.

"Ngoja," akasema. "Nami nina langu. Ule ufa uliokuwa juu ya tundu, niliuona. Niliuona tangu mara ya tatu tulipokwenda. Sikukuonyesha kwa sababu wewe ungekataa turudi, na mimi nilitaka kujua kuna nini upande wa pili. Niliposema ulikimbia moja kwa moja, mama zetu wakadhani nakuficha wewe. Nilikuwa najificha mimi. Nilijua mkianza kuulizana ni nani alifanya nini, mtafika kwangu."

Ndipo nikamweleza juu ya Mumbua na Ochi na mchezo wao, jinsi walivyokaa sakafuni na kusema makosa yao.

"Ilichukua muda gani?" akauliza mwalimu wa hisabati.

"Dakika tano. Hata viazi havikuwa vimeisha."

"Wametupita," akasema Nekesa.

Tangu siku hiyo tunapigiana kila Jumapili, na Desemba atakuja kukaa kwangu. Kware yetu haipo tena. Waliijaza udongo na takataka, wakajenga juu yake, na sasa kuna watu wanaopika ugali ghorofa ya sita, juu kabisa ya pale tulipokuwa tumekaa migongo imeegemeana. Mtoto wa pale akitaka kupotea hana pa kupotelea, na kimya kile sidhani kama kuna mtoto wa Nairobi anayekijua sasa. Huwa natamani Mumbua angekionja hata mara moja, akiwa na rafiki mmoja ambaye hahitaji kumwandikia. Tulikuwa huru kuliko watoto hawa watakavyowahi kuwa, hilo siliondoi. Tulizurura dunia nzima kabla ya taa kuwaka. Ila tulirudi nyumbani tumefunga midomo, na hakuna aliyetufundisha kuifungua. Natamani mimi na Nekesa tungeambiana ukweli wetu wakati ule ule, ungali mdogo, kabla haujakua pamoja nasi.